Uzi: Ni nini kimeishikilia hii Jamhuri ya Kenya tangu 1964? Na wale waliosahauliwa tuwataje

BarazaLaMkunguni
Wadau salaam. Naingia moja kwa moja. Angalieni majirani. Uganda Amin kachukua 1971, ikaja nyingine 1985. Somalia wanajeshi 1969, halafu 1991 serikali yenyewe ikaporomoka. Ethiopia Haile Selassie 1974. Sudan usiseme. Zanzibar mwezi mmoja tu baada ya uhuru Sultani keshatoka mbio. Sisi tumejaribiwa mapinduzi Agosti 1, 1982, yakazimwa siku hio hio na maisha yakaendelea. Kwanini?

Wengi watasema ni Kenyatta, wengine ni Moi na rungu yake. Mie nasema ni wale waliokubali kushindwa bila kuchoma nyumba. Ronald Ngala alikuwa na chama chake KADU, alikuwa rais wa jimbo la Pwani kabisa kwa katiba ile ya majimbo, na Novemba 1964 chama kikavunjwa wakahamia upande wa serikali. Mwezi mmoja baadaye nchi ikawa jamhuri. Angekaza shingo leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Na mwengine hapa hapa Pwani, Timothy Chokwe, spika wa kwanza wa Seneti. Muulize kijana yeyote spika wa kwanza wa Seneti ni nani, atakwambia Ekwee Ethuro wa 2013. Seneti ilikuwako toka 1963 jamani!

Haya karibuni, lakini bila matusi.

Kibao_Langoni
Ami hii ni insha ama ni uzi 😂 halafu umeanza na makosa, Jamhuri ni Disemba 12, 1963. Hata mtoto wa darasa la nne anajua.

MwlMstaafu
Kibao, huyo mtoto wa darasa la nne alifundishwa na nani? Disemba 12, 1963 ni uhuru. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth, na hapa aliwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, Kenyatta akiwa waziri mkuu. Jamhuri ni Disemba 12, 1964, siku ile ile mwaka wa pili yake. Ndio maana sherehe zimekuwa moja na watu wanachanganya.

Mleta uzi nawe nikuguse kidogo. Hili la Ngala umelipaka sukari. KADU hawakuvunja chama kwa roho safi tu. Wabunge wao walikuwa wanahama mmoja mmoja, pesa za majimbo zinacheleweshwa Nairobi makusudi, na serikali ishatishia kupeleka mambo kwa kura ya maoni. Waliona maji yamefika shingoni. Na usisahau 1961, KANU, chama cha Kenyatta, ilipata viti 19 na KADU 11, KANU wakasema hawaundi serikali mpaka Kenyatta aachiliwe, Ngala ndie aliekubali kuingia na wakoloni wakaiendesha. Kuna watu bara hawajamsamehe mpaka leo kwa hilo, na kuna watu huku Pwani hawajamsamehe kwa lile la 1964. Kwa hio alilaumiwa na pande zote mbili.

Kibao_Langoni
Mwalimu shikamoo 🙏 nimenyamaza (kwa leo)

Mama_Mahamri_Mld
Hamjambo. Mie niko Malindi nachoma mahamri na kusoma uzi, mniwie radhi herufi zikikosewa. Babu yangu mzaa mama alisoma Buxton kule Mombasa Ngala akiwa mwalimu mkuu. Kila tukikaa alikuwa anasema yule mtu alikuwa mkali kwa kuchelewa kuliko kwa kitu chengine chochote. Alipokufa Disemba 1972 baada ya ile ajali ya gari babu alikataa kula siku ile, na mpaka anakufa yeye hakuamini kuwa ilikuwa ajali ya kawaida, ingawa ushahidi sijawahi kumsikia akitoa. Hivo ndivo Pwani tunavokumbuka watu wetu, tunabaki na shaka, vitabu wanaandika wengine.

Sasa nauliza, mnataja wanaume watupu. Mkutano wa katiba wa Lancaster House kule London 1962, ule wa pili, kwenye ujumbe wote wa Waafrika alikuwako mwanamke mmoja tu, Priscilla Abwao. Mmoja! Nani amewahi kumfundisha mtoto jina hilo? Mtaa gani? Shule gani?

Giriama_Damu
Dada umenena. Lakini kama ni mwanamke basi tuanze na Mekatilili wa Menza. 1913 alikamatwa na Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa mpaka Kisii huko, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Kwa miguu! Kutoka Kisii mpaka Giriama. Hakuna jamhuri bila huyo mama.

Kibao_Langoni
Ndugu uzi ni wa jamhuri 1964, wewe uko 1913. Bado kidogo utatuletea Vasco da Gama na nguzo yake ya Malindi 😂😂

Giriama_Damu
Nguzo hio ni yenu nyie mnaolisha watalii. Mie nasema mizizi. Vita vya 1914 vya Wagiriama vilikuwa kukataa kupelekwa kibarua na kuhamishwa toka ng'ambo ya mto Sabaki. Na 1964 swali lilikuwa lile lile, ardhi ni ya nani. Mnataka niseme limejibiwa?

NahodhaWaShela
Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Nyinyi mnaongea jamhuri kama kwamba imeletwa na meli kutoka Uingereza. Mui huu wa Amu (Lamu) ulikuwa na utawala wake bila mfalme kabla hao wote. Kulikuwa na baraza la wazee, wakikaa Yumbe, nyumba ya baraza, na mui umegawanyika pande mbili, Zena na Suudi, wakitawala kwa zamu. Wazee wanasema miaka minne minne, upande huu ukitoka upande ule unaingia. Hakuna sultani Amu. Pate walikuwa na sultani, sisi hatukuwa nae, na hilo ndilo liliwaudhi Wapate. Mpaka ikafika vita vya Shela 1812 au 1813, Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakaja pamoja, wakapigwa pale pale mchangani. Bwana Zahidi Ngumi ndie alieongoza Amu. Huyo hana barabara, hana uwanja wa ndege, hana chochote cha serikali, na bila yeye mui huu ungekuwa kitongoji cha Pate.

Mkitaka siri ya kudumu, ndio hio, zamu. Mtu akijua zamu yake itakuja hana haja ya kuvunja nyumba.

Mkosoaji_Huru
Nahodha nakuheshimu sana lakini malizia hadithi. Baada ya kushinda Shela walifanya nini? Waliogopa kisasi cha Wamazrui wakaenda kumuita Sayyid Said wa Oman awalinde. Akaleta askari, akaleta liwali (gavana wake), na ngome ikamalizwa miaka ya 1820 hivi. Zamu yenu ya Zena na Suudi ikaishia hapo. Walishinda vita wakaikabidhi jamhuri yao wenyewe kwa mtu mwengine kwa hofu. Kwa hio zamu haikutosha, ilihitaji pia kutokuwa na jirani mwenye nguvu.

Na mie sikubaliani na mleta uzi pia. Kilichoshikilia Kenya ni mambo mawili yasiyopendeza kuyaandika. Kwanza ni mali. Toka 1962 mashamba ya wazungu yakanunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ule mpango wa ekari milioni moja, na wakubwa wakajigawia vipande vizuri. Mtu mwenye shamba la ekari elfu hataki mapinduzi, anataka utulivu. Pili ni ma-DC na ma-PC, wakuu wa wilaya na mikoa. Wakoloni waliondoka mfumo ukabaki vile vile, chifu, DO, DC, PC, moja kwa moja mpaka Ikulu. Majimbo yalivunjwa ili huo mfumo urudi mikononi mwa rais. Sasa hapo unaniambia Chokwe na kiti chake cha Seneti ndio walioshikilia nchi? Seneti yenyewe ilijipigia kura ya kufutwa, 1966, ikaunganishwa na Bunge, na maseneta wakapewa viti huko wasilalamike.

BarazaLaMkunguni
@Mkosoaji umenisaidia bila kujua. Maseneta 41, walikuwa na uwezo wa kukaza, wakakubali kufutwa bila risasi hata moja. Kama ni kwa sababu walipewa viti, basi hio ndio bei ya amani, na ni rahisi kuliko ya Somalia.

Mkosoaji_Huru
Bei imelipwa na nani? Sio wao.

Bajuni_Faza
Naomba nafasi. Nyote mnaitaja Somalia kama mfano wa watu wasiokubali kushindwa. Hamjui historia ya jirani yenu wa karibu kabisa, ukitoka Kiunga kidogo tu ushafika. Somalia ilikuwa jamhuri tangu Julai 1960, kabla yetu. Rais wao wa kwanza Aden Abdulle Osman aligombea tena 1967 akashindwa, akampa mkono mshindi Shermarke akaondoka ofisini kwa amani. Afrika nzima wakati ule hakuna kiongozi aliefanya hivo. Huyo ndie mtu aliesahauliwa mleta uzi unaemtafuta, ila alikuwa upande ule wa mpaka. Na ilisaidia nini? Oktoba 1969 Shermarke akauawa, siku chache tu jeshi likachukua. Kwa hio nadharia yako ya waungwana waliokubali kushindwa imeanguka hapo hapo jirani.

La pili. Mnasema Kenya haikuvunjika. Kwetu sisi ilivunjika. Nyanya yangu alizaliwa Ishakani. Miaka ile ya vita vya Shifta, waasi waliotaka kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, 1963 mpaka 1967, watu wa vijiji vya bara kule juu waliachwa katikati, huku Shifta wanachukua mifugo na kuchoma, huku wanaambiwa wanawalisha Shifta. Wakapanda majahazi na walichoweza kubeba. Wengine wakashukia Amu, wengine Malindi, wengine Mombasa. Mashamba yao ya minazi na mikorosho mpaka leo wapo wanaoyatafuta. Na 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali na askari wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kati ya Disemba 25, 1963 na Disemba 1, 1967 huko Kaskazini Mashariki, na Isiolo, Marsabit, Tana River, na LAMU. Someni tena. Lamu imo. Jamhuri iliyodumu ilidumu na hilo ndani yake.

MwlMstaafu
Bajuni umesema kweli na watu wa Amu mjini wengi hawaijui sheria hio kabisa. Nimefundisha historia miaka mingi na haimo kwenye silabasi.

Kibao_Langoni
Sikujua Lamu imo 😳

Nje ya mada, boti ya mwisho kutoka Mokowe leo ni saa ngapi? Niko na mzigo.

NahodhaWaShela
Ukichelewa utalala Mokowe na mzigo wako. Wahi kabla ya magharibi.

@Mkosoaji kuhusu Sayyid Said, umesema kweli waliitana, lakini jahazi likivuja unalikalafati na ulichonacho siku ile. Usiwahukumu watu wa 1813 kwa akili ya leo.

Takwa_Njia
Salaam, mie napeleka wageni Manda, Takwa. Kila mgeni anaambiwa magofu ni ya miaka ya 1500 na 1600, nguzo ya kaburi, msikiti, mibuyu, basi picha na kurudi. Hakuna anaewaambia kuwa kwenye kisiwa hicho hicho Waingereza walijenga kambi ya kizuizini wakati wa Dharura, hali ya hatari ya miaka ya Mau Mau, na Pio Gama Pinto alifungiwa hapo toka 1954 mpaka 1957. Mgoa (mwenye asili ya Goa, India) mzaliwa wa Nairobi, mwandishi wa habari, alikuwa akiwatafutia silaha na pesa Mau Mau, baadae akawa mbunge. Februari 1965 akapigwa risasi ndani ya gari lake nje ya nyumba yake Westlands, mtoto wake mdogo yuko kiti cha nyuma. Jamhuri ilikuwa na miezi miwili tu! Akafungwa kijana mmoja, Kisilu Mutua, akahukumiwa kifo ikabadilishwa maisha, akatoka 2001 na mpaka anatoka anasema si yeye.

Mie huwa nawaambia wageni wangu habari hii. Wazungu wanasikiliza kwa makini. Wakenya wenzetu huuliza maji ya kunywa yako wapi.

Mama_Mahamri_Mld
Hapo kwa maji ya kunywa nimecheka mpaka mahamri yameungua 😂

Mkosoaji_Huru
Na tizameni nani aliachwa na nani alitolewa. Pinto kauawa 1965. Joseph Murumbi, baba Mgoa mama Mmaasai, makamu wa rais 1966, hakukaa hata mwaka akajiuzulu. Watu husema ni kwa ajili ya Pinto, wengine husema alichoka na unyakuzi alioona. Akaenda zake kukusanya vitabu na sanaa. Hao ndio walioona mapema. Kwa hio jamhuri ilidumu kwa kuwatoa waliokuwa na swali, na kuwaweka waliokuwa na jibu la ardhi mfukoni.

MwlMstaafu
Hapo umezidisha kidogo. Kama ni woga na mali peke yake basi 1978 tungeanguka. Kumbukeni 1976 kulikuwa na kundi la kutaka kubadilisha katiba ili Moi asirithi. Wakubwa kabisa, wenye pesa. Njonjo akiwa Mwanasheria Mkuu akatoka akasema ni uhaini hata kuwaza kifo cha rais. Kundi likanyamaa. Kenyatta akafa Mombasa Agosti 22, 1978, na Moi akaapishwa siku hio hio kama katiba ilivosema, siku 90 kisha uchaguzi. Simsifu Njonjo wala simsifu Moi, 1982 wakaleta chama kimoja kwa sheria na tunayajua yaliyofuata. Lakini siku ile karatasi ilifuatwa. Nchi nyingi karatasi haikufuatwa hata siku hio moja.

Na makarani! Hakuna anaewataja makarani. Wale waliokuwa wanaandika rejista ya wapiga kura, mahakimu wa wilaya, makadhi. Makadhi walibaki kwa sababu Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu ukanda wa maili kumi wa mwambao uliokuwa wa Sultani. Sultani akaachia mwambao, na Kenya ikaahidi kadhi atabaki, dini italindwa, Kiarabu kitafundishwa, hati za ardhi za watu wa mwambao zitatambuliwa. Bila hayo makubaliano Lamu na Malindi zingekuwa vita vya pili mbali na Shifta.

Giriama_Damu
Mwalimu hati za nani? Hati za waliokuwa nazo. Wagiriama na Mijikenda wote wakabaki maskwota kwenye mashamba ya watu wenye hati za Sultani. Makubaliano yenu hayo ndio yaliyozaa "Pwani si Kenya" ya MRC, lile kundi la kutaka Pwani ijitenge.

BarazaLaMkunguni
Na sisi Amu hati zenyewe wengi hatunazo. Sasa bandari ya Lamu imekuja, gati la kwanza limefunguliwa Mei 2021, na wanatafutwa wenye hati.

Bajuni_Faza
Tena hao hao wavuvi wa Bajuni ndio walioenda kortini kudai fidia ya bandari. Wakaja na makaratasi. Mwalimu umeona? Watu wako bado wanaamini karatasi ya jamhuri hata kama haijawahi kuwatendea wema. Sijui niite ujinga au ndio hilo jibu la uzi wenyewe.

Mkosoaji_Huru
Ni kwa kuwa hakuna pengine pa kwenda.

Mama_Mahamri_Mld
Mkosoaji usituharibie jioni. 2007 na 2008 watu zaidi ya elfu moja walikufa, tulidhani imekwisha, na 2010 tukapanga foleni kupiga kura ya katiba. Mie nilikuwa na mimba kubwa nikasimama jua kali, hakuna alienilazimisha. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais aliyekaa kitini na rais akarudi kupigiwa kura. Alinuna, alitoa maneno, lakini alirudi. Hio nayo muiweke kwenye mizani.

Kibao_Langoni
Na Seneti imerudi 2013. Kwa hio Chokwe ameshinda baada ya miaka hamsini hehe

Nimefika Mokowe, boti ipo. Nahodha ahsante.

BarazaLaMkunguni
Chokwe ameshinda, andikeni hapo. Na ugatuzi ni majimbo ya Ngala yaliyobadilishwa jina, kaunti 47 badala ya majimbo saba.

MwlMstaafu
Majimbo saba na eneo la Nairobi mbali. Na ugatuzi sio majimbo, jimbo lilikuwa na nguvu juu ya ardhi na polisi, gavana wa leo hana polisi hata mmoja wa kumtuma. Usimpe Ngala asichokipata.

Giriama_Damu
Mwalimu haachi kitu kipite 😂 Bado hujasema kuhusu Wanje wa Mwadorikola lakini.

MwlMstaafu
Fungua uzi wake, nitakuja.